Jiwe lililochongwa na mtu wa kale na jiwe lililovunjika lenyewe: mnatofautishaje?

Mwanakorongo aliuliza:

Habari wanajamvi. Swali langu ni kwa waliosomea akiolojia au wanaozijua zana za mawe kwa karibu.

Vitabu vingi vya historia vinaonyesha picha ya jiwe la duara lililovunjwa upande mmoja, chini yake pameandikwa "zana ya Olduvai", kisha vinaruka hadi ugunduzi wa moto. Mwanafunzi akienda na picha hiyo kichwani kwenye korongo lolote lenye changarawe atakuta mawe mengi yanayofanana nayo: yamevunjika upande mmoja, yana makali, yanakaa vizuri mkononi. Haiwezekani yote yawe zana.

Nataka kujua mambo matatu. Mtaalamu akiokota jiwe anaangalia nini hasa, na anaanzia wapi? Kuna kipimo cha namba, au ni mazoea ya jicho tu? Na kwa anayefundisha kwa vitendo, kibanzi kinabanduliwaje kwa kugonga jiwe kwa jiwe? Wanafunzi wakijaribu wanaishia kupata vumbi na vipande visivyo na umbo.

---

Kovu la Tatu alijibu:

Mkuu, tatizo linaanzia kwenye ile picha. Jiwe la duara unaloliona pale mara nyingi ni jiwe mama, yaani jiwe ambalo vipande vilibanduliwa kutoka kwake. Kwa kiasi kikubwa kilichokuwa kikitafutwa ni vipande vyenyewe, vibanzi vyembamba, kwa sababu ndivyo vyenye makali ya kuchana ngozi na kukata nyama. Kwa hiyo anza na kibanzi. Jiwe mama lenye makovu mawili matatu linaweza kutokea lenyewe mtoni kwa urahisi kuliko kibanzi kilichokamilika.

Ukishika kibanzi, tafuta kwanza bapa la kugongea. Ni uso mdogo ulio juu, pale nyundo ilipotua. Kisha tazama uso wa ndani, ule uliokuwa umeshikana na jiwe mama. Chini kidogo ya bapa panatakiwa pawe na uvimbe. Pigo likitua kwenye jiwe lenye chembe ndogo, nguvu yake husambaa kwa umbo la pia (koni), kama alama inayobaki kwenye kioo cha dirisha kilichopigwa na kijiwe, na ule uvimbe ni sehemu ya pia hiyo. Kutoka hapo utaona mawimbi ya nusu duara yanayozidi kupanuka kadiri yanavyoshuka, pamoja na mistari myembamba inayoelekeza kule pigo lilikotua. Mara nyingi juu ya uvimbe wenyewe kuna kovu dogo, kijigamba kilichochomoka wakati ule ule wa pigo.

Hizo ni dalili za pigo. Bado si dalili za mtu. Jiwe likianguka kutoka kwenye genge likatua juu ya jingine linaweza kutoa kibanzi chenye uvimbe na mawimbi yote. Ushahidi wenye uzito uko upande wa pili, uso wa nje. Huko unatafuta makovu ya vibanzi vilivyotangulia. Makovu matatu au zaidi, yote yakitokea upande mmoja na kuanzia kwenye bapa lile lile, yanaonyesha kwamba kuna aliyelishika jiwe, akaligeuza kidogo na kupiga tena mahali palipofaa.

Baada ya hapo linganisha uchakavu wa makovu. Jiwe lililopigwapigwa na mto lina makovu ya umri mbalimbali: moja limesagika na kubadilika rangi, jingine bado bichi. Kwenye zana, makovu ya mkono mmoja huwa na uchakavu mmoja. (Zana ya kale iliyookotwa na kunolewa upya maelfu ya miaka baadaye itakuwa na aina mbili za uchakavu, lakini zitakuwa mbili zenye mpangilio, si saba ovyo.)

Vitu vinavyowapoteza watu zaidi ni hivi. Joto la jua au moto hubandua vijisahani vya duara na kuacha mashimo ya kina kifupi, bila bapa wala sehemu ya pigo. Kwato za wanyama wanaopita juu ya vibanzi hukata ukingo vipande vidogo vidogo bila mpangilio, na mtu akaamini ni makali yaliyonolewa. Kibaya kuliko vyote ni kokoto za ujenzi. Jiwe linalopasuliwa kwa nyundo ya chuma au mashine hutoa vibanzi vyenye kila dalili niliyoitaja. Kovu zake huwa bichi kabisa, na mara nyingine utaona pale pa pigo pamepondeka na kuna mchirizi wa chuma. Kama barabara imewahi kutengenezwa karibu na hapo, shaka lazima iongezeke.

Kuhusu namba: kipo kipimo cha zamani cha Alfred Barnes, cha mwaka 1939. Unapima pembe kati ya bapa la kugongea na kovu, kwenye mawe mengi ya mkusanyiko mmoja. Mtu hupendelea ukingo wenye pembe kali, chini ya digrii 90, kwa kuwa pembe butu haibanduki vizuri. Asili haina upendeleo huo. Barnes alisema kwamba pembe za digrii 90 na kuendelea zikizidi asilimia 25 ya zote, usiukubali mkusanyiko huo kuwa kazi ya mtu. Kipimo hiki ni cha mkusanyiko. Ukikitumia kwa jiwe moja hakina maana.

---

Tabaka la Chini alijibu:

Naongezea jambo ambalo kwa maoni yangu linatangulia yote hayo: udongo. Kabla hujauliza jiwe limechongwa na nani, uliza limefikaje pale. Vibanzi vikikaa ndani ya tope laini au majivu ya volkano, mahali ambapo maji hayakuwa na nguvu hata ya kusukuma kokoto, mto hauwezi kuwa ndio uliovivunja. Vikikaa ndani ya changarawe nzito, kila kimoja ni mshukiwa hadi kithibitishwe.

Afrika Mashariki ina fundisho kubwa kuhusu hili. E. J. Wayland, aliyekuwa mwanajiolojia nchini Uganda, alikusanya mawe ya mto yaliyopasuka kutoka changarawe za mto Kafu, na yakapewa jina la utamaduni wa Kafu. Kwa miaka mingi yalihesabiwa kuwa zana za kale kuliko za Olduvai. Mwaka 1958 mwanaakiolojia J. Desmond Clark alichapisha uchunguzi wa mawe ya korongo la Batoka, chini ya maporomoko ya Victoria, akaonyesha kuwa mawe ya mto yanapasuka kwa namna ile ile bila mkono wa mtu. Mwaka uliofuata mwanajiolojia W. W. Bishop alirudi kwenye tabaka za Kafu zenyewe, na utamaduni huo ukafutwa. Yale mawe yalifanana sana na ile picha ya kitabu unayoisema: kovu moja, mawili, matatu, basi.

Ulinganishe na Lokalalei 2C, eneo la uchimbaji magharibi mwa Ziwa Turkana, yenye umri wa takriban miaka milioni 2.34. Huko vibanzi viliunganishwa tena na mawe mama yake hadi yakapatikana makundi karibu 60 ya vipande vinavyoshikana. Ukiona jiwe moja limebanduliwa kibanzi baada ya kibanzi kutoka uso ule ule, huku pembe ya ukingo ikitunzwa muda wote, hapabaki nafasi ya mto wala mporomoko. Kuunganisha vipande kunachosha macho, lakini hakuna hoja nzito kuliko hiyo. Hata Lomekwi 3, eneo jingine la magharibi mwa ziwa hilo, yenye umri wa miaka milioni 3.3 na iliyotangazwa mwaka 2015, miongoni mwa vilivyoipa nguvu ni kibanzi kimoja kilichoingia sawasawa kwenye kovu la jiwe mama lake.

---

Mwanakorongo:

Asanteni sana, nimeelewa kwa nini kovu moja halitoshi. Lakini dalili hizi naona zinafaa gumegume na obsidiani (kioo cha volkano). Vipi kwatzi? Mawe meupe ya kwatzi yakivunjika sioni uvimbe wala mawimbi.

---

Kovu la Tatu:

Umegusa penye ugumu. Kwatzi ya mishipa, yaani ile inayojaza mipasuko ya miamba, imejaa nyufa za ndani, kwa hiyo nguvu ya pigo inakatizwa kabla haijajenga uvimbe. Mara nyingi kibanzi chake hupasuka katikati kwa urefu, kuanzia pale pa pigo, ukabaki na nusu mbili. Tena kwatzi nyingi haikubanduliwa kwa kushikwa mkononi. Iliwekwa juu ya fuawe la jiwe ikagongwa kutoka juu, na vipande vya kazi hiyo ni vinyoofu, havina uvimbe unaoeleweka, na vimepondeka ncha zote mbili. Tafuta huo mpondeko wa pande mbili zinazotazamana. Tafuta pia fuawe lenyewe: jiwe kubwa bapa lenye vishimo vilivyojikusanya katikati. Kipimo cha Barnes hakifai hapa kabisa, kwa kuwa pembe za kazi ya fuawe zinakaribia 90.

Kinachosaidia zaidi kwenye kwatzi ni kuuliza asili yake iko wapi. Aina ya mwamba isiyopatikana hapo, ikiwa imekaa kwenye tope ambalo mto haukuweza kuipeleka, ilibebwa. Pale Olduvai kuna kwatziti iliyotoka kilima cha Naibor Soit, kilomita chache kutoka sehemu zilizochimbwa. Kanjera Kusini, kando ya Ziwa Victoria, takriban miaka milioni 2 iliyopita, mawe mengine yalibebwa zaidi ya kilomita 10. Olorgesailie, kusini mwa Kenya, kwenye tabaka za miaka takriban 300,000, obsidiani ilitoka umbali wa kilomita 25 hadi 95. Mpaka hapo huhitaji uvimbe kukuambia kwamba kulikuwa na mtu.

---

Tabaka la Chini:

Nakubaliana, ila nitie tahadhari kwenye "kulikuwa na mtu". Nchini Brazil, katika hifadhi ya Serra da Capivara, nyani wadogo wa jamii ya kapuchini hugonga mawe ya kwatziti juu ya mawe mengine, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba vipande vinavyoruka vina makali na dalili za pigo zinazofanana na za vibanzi vya kale. Nyani hao hawavitumii kukatia. Wanaonekana wakilamba unga wa jiwe, vibanzi wanaviacha chini.

Maana yake ni kwamba kibanzi kinathibitisha pigo, na hata makovu mawili matatu yanaweza kutoka kwa mnyama anayegonga kwa sababu nyingine. Ili useme kuna aliyetaka makali, ongeza ushahidi wa matumizi: mifupa yenye alama za kukatwa kwenye tabaka hilo hilo, au uchakavu wa makali unaoonekana kwa hadubini. Hata alama za mifupa zina mtego wake. Mkwaruzo wa kisu cha jiwe una umbo la V lenye mistari midogo ndani yake, unaoenda sambamba nao. Lakini mfupa ukikanyagwa juu ya mchanga wenye chembe kali unaweza kupata mikwaruzo ya kufanana. Ndiyo sababu mifupa ya Dikika, Ethiopia, yenye umri wa takriban miaka milioni 3.4, imebishaniwa tangu ilipotangazwa mwaka 2010.

---

Nyundo na Fuawe alijibu:

Nijibu la tatu, la vitendo. Wanafunzi wanapata vumbi kwa sababu wanapiga katikati ya jiwe. Kubandua ni kazi ya ukingoni.

Jiwe mama liwe na chembe ndogo: gumegume, obsidiani, fonoliti au basalti (miamba ya volkano) isiyo na matundu. Ligonge polepole. Likilia kwa sauti kali ni zima. Likitoa sauti iliyokufa lina ufa ndani, liache. Uzito wa kilo 1 hadi 2 unatosha. Lakini cha kutazama kuliko uzito ni pembe: lazima pawepo mahali ambapo nyuso mbili zinakutana kwa chini ya digrii 90, na digrii 60 hadi 80 ndizo rahisi zaidi. Jiwe la mto lililo duara kamili halina pembe hiyo, ndiyo maana linawashinda wengi. Chagua lenye upande mmoja bapa, au lipasue kwanza juu ya fuawe, kisha ufanye kazi na nusu zake.

Nyundo ni jiwe gumu la mto, umbo la yai, gramu 300 hadi 600. Nyundo nyepesi mno inakulazimisha kutumia nguvu, na nguvu inaua shabaha.

Kaa kitako, weka kipande cha ngozi nene juu ya paja, laza jiwe mama hapo huku bapa likitazama juu. Tua nyundo takriban sentimita 1 ndani kutoka ukingoni, juu ya sehemu ambayo chini yake kuna mgongo, yaani ule mstari ulioinuka kati ya makovu mawili au kati ya nyuso mbili. Kibanzi hufuata mgongo. Pasipokuwa na mgongo kinatawanyika, kinakuwa kifupi na kipana. Pigo lishuke kwa mshazari na mkono uendelee kupita. Ukiusimamisha juu ya jiwe nguvu inaishia hapo. Kibanzi kitatoka upande wa chini, ule usiouona, kwa hiyo vidole viuguse uso huo kwa wepesi tu. Wanaoanza hukodolea macho sehemu ya juu wakidhani hakuna kilichotokea, kumbe kibanzi kimelala kwenye ngozi.

Sasa makosa, na haya yafundishe kwa kuyaonyesha. Ukingo ukipondeka bila kutoa kitu, umepiga karibu mno na makali, au ukingo ni mwembamba: usage kwanza kwa jiwe la mchanga ili upate nguvu ya kupokea pigo. Kibanzi kikikatika ghafla na kuacha ngazi, nguvu imekwisha njiani, au imekutana na ufa, au pembe imekaribia 90. Usirudie pigo hapo. Kila pigo la pili linajenga ngazi juu ya ngazi hadi jiwe linakufa likiwa bado kubwa. Ligeuze, uifuate ngazi hiyo kutoka upande wa pili na kuiondoa kwa chini yake. Mwisho wa kibanzi ukijikunja kwa mviringo badala ya kuisha kwa makali, pigo lilisukuma nje mno au uso umekuwa bapa sana. Na kibanzi kikizama hadi kubeba sehemu yote ya chini ya jiwe, ulipiga ndani mno kwa nguvu nyingi.

Shoka la mkono la utamaduni wa Acheul, yaani zana iliyochongwa nyuso zote mbili, lisubiri hadi baadaye sana. Kanuni yake unaweza kuieleza: unabandua, unaligeuza jiwe, na kovu la kibanzi kilichotoka linakuwa bapa la kugongea kibanzi kinachofuata upande wa pili. Nyundo ya jiwe inatumika kutoa umbo, halafu kwa kupunguza unene unahamia nyundo laini, kama mti mgumu, mfupa au pembe ya mnyama, na ukingo lazima usagwe kabla ya karibu kila pigo. Mashoka mengi ya Isimila, karibu na Iringa, na ya Olorgesailie yalianza kama vibanzi vikubwa vilivyobanduliwa kutoka mawe makubwa sana, na si kwa kuchonga jiwe la mto hadi liishe. Hatua hiyo ya kwanza, ya kupata kibanzi kikubwa kwa pigo moja, ndiyo ngumu kwenye ufundi ule, na haifai kujaribiwa na wanafunzi.

Usalama: miwani ya kinga kwa kila mtu, pamoja na wanaotazama, glovu ya ngozi kwenye mkono unaoshika, viatu vilivyofunika mguu. Obsidiani inakata vibaya na vipande vyake havionekani vikizama kwenye ngozi, kwa hiyo wasianze nayo. Fanyeni nje, upepo ukiwa unapeleka vumbi mbali nanyi. Vumbi la silika likivutwa mara kwa mara linaharibu mapafu. Tandika turubai, na kazi ikiisha kusanya hadi chenga ya mwisho. Ukizifukia, zifukie pamoja na kitu cha kisasa chenye tarehe, kama sarafu, ili mchimbaji wa kesho asipotoshwe. Usichonge kamwe kwenye eneo lenye zana za kale, wala kwa mawe yaliyotoka huko.

---

Tabaka la Chini:

Nyongeza moja kwa Mwanakorongo, maana mwanafunzi akishazijua dalili hizi ataanza kuokota. Asiokote. Tanzania kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Kenya kuna Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006; zote zinalinda vitu hivi, na kuchimba kunahitaji kibali. Mkikuta kinachoonekana kuwa zana, kiacheni hapo. Pigeni picha mbili: moja ya karibu yenye rula pembeni, nyingine ya mbali inayoonyesha ukuta wa korongo na tabaka zake. Andikeni viwianishi vya GPS kutoka kwenye simu, na muandike kama jiwe limekaa ndani ya tabaka au limelala juu ya mporomoko, kisha mtoe taarifa kwa Idara ya Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa. Msilioshe wala kulisugua, kwa sababu mabaki ya mimea na wanyama kwenye makali yanaweza kupimwa.

Sababu ya ukali huu ni kwamba hizi zana za kale huwa hazipimwi umri zenyewe. Unapimwa umri wa majivu ya volkano yaliyo juu na chini yake. Tabaka la I la Olduvai lilipata umri wake wa takriban miaka milioni 1.75 kwa njia hiyo, mwaka 1961, kwa kipimo cha potasiamu na argoni. Jiwe lililotiwa mfukoni haliwezi tena kuunganishwa na majivu yoyote, hata likiwa na uvimbe mzuri na makovu kumi.